Majibu ya Udongo wa Juu ya Mfereji

Alhamisi, mwezi wa saba. Mjini Same upepo, mlimani ukungu.

Nimerudi saa kumi na moja jioni, viatu vina tope la juu na vumbi la chini. Ndivyo kulivyo mwezi huu. Huku mjini upepo unataka kuondoka na mabati, kule mlimani hujui kama jua limechomoza au limesusa. Nimevua viatu, nimekaa kitandani, sijataka hata kuwasha jiko.

Nimechoka, na siyo miguu tu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwenyeji wa watafiti. Chuo kikuu kikimleta mtu huku Upareni, lazima awepo wa kumpandisha milimani, kumtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kumtafsiria Chasu, lugha yetu Wapare, wazee wakianza kuongea kwa kasi. Huyo ni mimi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja, na kama kuna mtu anajua chuo kikuu kinachunguza nini, basi anza na mimi kabla ya kumuuliza profesa.

Nimeshika chura ili mtu apate shahada. Nimebeba kinyesi cha mbuzi kwenye mkoba ninaoendea kanisani. Nimehesabu mibuni kule Ugweno mpaka mwenye shamba akadhani nataka kulinunua. Nimesimama kwenye majaruba ya mpunga Ndungu, ruba amening'inia kwenye kifundo, huku dada mmoja akiniambia nisitikisike maana naharibu kipimo. Nimewashika wazee mikono wakipimwa presha. Nimechota maji ya ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia tuliyoachiwa na babu zetu, nikayajaza kwenye chupa zenye namba. Wakati mwingine namuonea wivu chura, yeye anachunguzwa mara moja tu na kuachiwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wangu huondoka siku ya pili.

Leo nilikuwa na Anitha, anayechunguza popo. Binti mzuri, ana adabu, anaamkia hata watu anaowazidi umri. Popo wake wako kwenye pango juu ya kijiji nilikozaliwa, na njia ya kwenda huko inapita kando ya shamba la Mzee Mbonea, rafiki wa marehemu baba yangu. Ndiyo maana sikuipenda safari hii tangu mwanzo.

Niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pekee ninapousema.

Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka kwa Mzee Mbonea kaka mmoja wa chuo, mtafiti wa tangawizi. Mwaka ule tangawizi zilikuwa zinaoza ardhini kijiji kizima. Unachimba ukitegemea vidole vinene, unatoa uji unaonuka. Mzee ana mashamba mawili. La chini ya mfereji lilioza lote. La juu ya mfereji alikuwa amelitayarisha, mashimo tayari, anaogopa kupanda. Yule kaka akachukua udongo wa mashamba yote mawili, akasema lile la juu liachwe kwanza mpaka maabara itoe majibu. Mimi ndiye niliyebeba mifuko ile kushuka nayo mlimani.

Kwenye karatasi ya ridhaa iliandikwa kwamba matokeo yatasaidia jamii. Mzee akaniuliza kwa Chasu, jamii ndiyo nani? Nikaona sentensi ile haina mikono wala miguu, nikaiongezea ya kwangu. Nikamwambia, majibu yatarudi hapa hapa nyumbani kwako, baba, nitayaleta mimi.

Hakuna aliyenituma niseme hivyo.

Nilimwandikia yule kaka ujumbe mara mbili. Mara ya tatu namba haikupatikana. Kisha wakaja watu wa asali, wakaja watu wa presha, na mimi nikaacha kuuliza. Mzee Mbonea hakuacha kusubiri. Alifunga majani makavu ya mgomba kwenye mti ulio mpakani mwa shamba la juu, mtu yeyote asipande hata maharage, na mpaka leo yanaendelea kufungwa upya yakioza. Huu ni mwaka wa tatu. Mwanawe wa mwisho, Heri, aliyekuwa analima naye, alichoka kukaa bila shamba. Mwaka jana baada ya Pasaka alishuka Ndungu kukodi jaruba la mpunga. Hajapanda mlima tena, hata Krismasi.

Sasa leo mchana, tumekaa mlangoni mwa pango tunakula mihogo ya kuchemsha, Anitha akafungua begi akanipa zawadi. Kitabu. Muhtasari wa tafiti zote za chuo kwa mwaka mmoja, alikiokota kwenye rundo ofisini kwao kwa sababu alijua nimewasindikiza wengi. Kiingereza kitupu, lakini kidato cha nne changu bado kinanitosha nikienda polepole.

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa napekua nacheka peke yangu. Huyu hapa chura. Huyu hapa mbuzi. Maji ya ndiva ukurasa mzima! Watu wa hisabati siwaelewi hata kichwa cha habari, wa nyota nao wamo, mtu mwingine amechunguza gundi. Nikasema moyoni, kumbe mifuko yangu ilikuwa inakwenda mahali penye heshima.

Halafu nikaikuta tangawizi.

Aya moja tu. Kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye udongo wa mashamba yaliyo chini ya mfereji, na uliingia kwa mbegu zilizonunuliwa sokoni. Kwamba udongo wa shamba la juu ya mfereji ulikuwa safi, linafaa kupandwa kwa mbegu isiyo na ugonjwa. Sikuhitaji jina. Juu ya mfereji shamba ni moja.

Nilirudia kuisoma nikitumaini Kiingereza changu kimekosea. Hakikukosea. Toka pale nilipokaa nilikuwa naliona shamba lenyewe, magugu yamefika kifuani.

Tulipokuwa tunashuka, Mzee akatuita tunywe chai. Mkewe akatuletea na magimbi. Mzee alikuwa amevaa lile koti la kijani, na macho yake sasa yana ukungu kama wa mlimani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamuuliza Anitha habari za popo kwa heshima zote kama vile anauliza habari za wazazi wake. Kisha akanigeukia mimi, kama anavyofanya kila ninapopita.

"Mwanangu, majibu yetu bado?"

Kitabu kilikuwa mapajani mwangu, kimefunikwa na khanga.

Nikasema, bado, baba.

Nimeandika hapo juu kwamba hapa ndipo mahali pekee ninaposema ukweli. Basi huo ndio ukweli wenyewe. Niliogopa. Niliogopa mkewe ambaye angenitazama na lile birika mkononi. Niliogopa kutajwa Heri. Nikamaliza chai, nikasifia magimbi, nikashuka.

Njia nzima Anitha alikuwa anazungumzia mabawa. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba watafiti wamechunguza kila kitu cha milima hii, wadudu wake, maji yake, damu za watu wake, na hakuna hata mmoja aliyemchunguza mwenyeji. Wangenikata wangekuta "bado" zimejaa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika haya, jua likiwa halijazama, nimempigia simu Mzee Mbonea. Mkewe ndiye aliyepokea, akampa. Nikamwambia, baba, nimekudanganya mchana. Majibu yapo, yalikuwa mapajani pangu.

Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Soma."

Nikamsomea kwa Chasu, polepole, neno kwa neno, bila kuongeza langu hata moja. Nilipofika kwenye shamba la juu alikohoa. Nikamaliza.

"Hicho kitabu kimetoka lini?"

Nikageuza jalada ingawa nilikwishalitazama mara kumi. Mwaka juzi, baba.

"Kwa hiyo Heri anaondoka, majibu yapo."

"Yalikuwepo, baba."

Nilianza kuomba msamaha, nikaanza na chuo, nikaingia kwa yule kaka na namba yake isiyopatikana. Akanikatiza. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Chuo hakikuja kwangu kuahidi kitu. Uliyeahidi ni wewe, binti wa rafiki yangu, kwa lugha yetu. Kesho uje. Usije na mgeni. Njoo na jembe."

Akakata.

Nimelia kidogo, sioni haya kuliandika. Kisha nimemwandikia Anitha kwamba kesho hanipati, amtafute mwenyekiti ampe mtu mwingine wa kumfikisha pangoni. Amejibu kwa heshima kwamba hana siku nyingine ya ziada. Nimemwambia mimi nimechelewa kuliko yeye.

Nikafikiria kumpigia na Heri. Sijui kama ni kazi yangu. Labda baba yake atanituma, labda atampigia mwenyewe tukishafyeka lile shamba akaona udongo wake.

Jembe nimelikuta nyuma ya debe la mahindi. Sijalishika tangu nianze kubeba mifuko ya watu, mpini umelegea unacheza. Nimelitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe ukaze kabla ya asubuhi.