Mkwe wa Jukwaani

Ijumaa, 4 Agosti 1995

Alhamdulillahi! Jumba la maigizo lilijaa hadi ngazini. Nimecheza watu watano leo: askari wa kizuizi cha barabarani, kasisi mwenye kikohozi, mama muuza pombe ya waragi, daktari wa uongo, na yule mzee wa Kinubi anayeozesha binti yake. Gauni la mama lilinikwama kichwani, nikatoka nalo vivyo hivyo. Watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo. Wakacheka mpaka wakapiga viti! Nami ni nani niwakatalie?

Nikimcheza askari ndipo ninaposhukuru zaidi. Nasema tu, "Wewe! Simama! Kitambulisho iko wapi?" na ukumbi mzima hoi. Kiswahili hicho hicho, kinywani mwa wanajeshi kabla ya serikali kubadilika 86, kiliwaingiza watu chini ya vitanda. Na sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa jeshi, tulikuwa tunaficha hata majina yetu. Leo wananisimamisha njiani kunisalimu, Afande huku, Afande kule. Mama mmoja muuza nyanya kule Makindye ameniambia, "Mzee, wewe nachekesha sana, mpaka mbavu nauma. Bambi, jamani, Mungu akupe maisha." Kwamba naitwa Jibril hajui. Si neno, dua imefika.

Celestine, bibi harusi wetu wa mchezoni, ameangushwa na malaria. Khaemba, bosi wa kundi, anashika kichwa. Kesho nani atavaa shela?

Jumamosi, 5 Agosti

Asubuhi. Khaemba amekuja mwenyewe hapa Kibuli kumwomba mke wangu Sitti. Anamtaka Lailah wetu! Kweli, mtoto ndiye anayetushonea nguo za mchezo, anajua maneno ya kila mtu. "Mama Lailah, siku moja tu, jameni. Atakaa na shela, mdomo hata hafungui." Sitti amesita. Mchumba wa mtu huyu! Harusi yake na Abubaker wa Bombo ni mwisho wa mwezi, sanduku la nguo tumeshalipokea. Lakini ana moyo — mke gani huyu Mungu amenipa! Amesema kale, haya, mara moja, na uso ufunikwe.

Nimerudi. Poda bado masikioni.

Nimevuka yaliyoandikwa, kama kawaida yangu. Kwenye harusi nikauliza, mashahidi wako wapi? Nikashuka, nikawavuta wazee wawili wa hapa kwetu waliokaa mbele, nikawaketisha jukwaani na kofia zao. Vicheko! Nikamshika mkono Abdu — ndiye bwana harusi, kijana anayejua kazi, hajawahi kusahau neno. Kisha nikamtazama bibi harusi. Binti yangu mwenyewe katika nyeupe. Nikasema, "Nimekuozesha binti yangu Lailah."

Lailah! Mchezoni ni Zaituni.

Nikauliza, kwa mahari gani? Abdu akavua saa yake mkononi akanipa, nami nikamkabidhi bibi harusi. "Nimekubali kumuoa Lailah, kwa mahari haya." Sauti yake ilishuka hivi, ukumbi ukachelewa kupiga makofi. Mzee mmoja alilia. Nadhani sijawahi kucheza vizuri kama leo. Asante Mungu kwa kazi hii.

Jumapili, 6 Agosti

Yaa Rabbi, nimefanya nini?

Wale wazee wawili wamekuja baada ya alfajiri, na shehe wetu wa mtaa katikati yao. Nilidhani wamekuja kunipongeza! Nikaagiza chai. Shehe hakuigusa. Akaniuliza taratibu: Wewe ndiye walii wa kumwozesha binti huyu? Ndiye. Ulimtaja kwa jina lake? Nilimtaja. Kijana alikubali? Alikubali. Mahari yalitolewa? Saa. Wazee wakaitikia kila jibu, sisi ni mashahidi, sisi ni mashahidi.

Nikacheka. Ulikuwa mchezo, shehe! Akasema ndoa ni katika mambo ambayo mzaha wake ni kweli. Lailah ni mke wa Abdu.

Sitti alikuwa mlangoni na sinia. Hakuliangusha, namshukuru. Aliliweka chini, akaingia ndani, na hajasema nami mpaka saa hii.

Shehe hakutuacha hivi hivi. Wako watakaosema ndoa haikuswihi, lakini yeye hawezi kuliacha jambo la heshima ya mtoto lining'inie. Njia ni nyepesi: Ijumaa baada ya swala Abdu aje atoe talaka moja mbele ya mashahidi. Hawajakaa pamoja, kwa hiyo hakuna eda. Harusi ya Bombo itaendelea kama ilivyopangwa. Nilimbusu mkono.

Jumanne, 8 Agosti

Bombo wamesikia. Abubaker hakuja na kelele, alikuja na sukari na salamu za mama yake. Ana malori mawili na adabu ya kutosha watu kumi. Alisema tu, "Mzee, yaishe Ijumaa, tafadhali. Nyumbani watu wanacheka." Wanacheka! Maisha yangu yote nimekitafuta kicheko, na hiki nilitamani kukizima.

Mazoezini nikamweleza Abdu kazi yake. Akasema, "Ndiyo, mzee." Basi. Kisha akaniuliza saa ngapi. Baada ya kitambo akaniuliza tena. Nikautazama mkono wake mtupu.

Ni kijana mzuri, nisimdhulumu hata humu. Hana baba wala mama, ana kipaji na mashati mawili. Lakini maisha ya msanii nayajua mimi: leo pilau, kesho chai kavu. Sitti ameyala yote hayo nami, na hajawahi kunitupia lawama. Niseme nataka binti yangu naye ayale?

Alhamisi, 10 Agosti

Sitti amesema nami! Ameniuliza kama nitavaa kanzu ya bluu au nyeupe. Nyeupe. Sikujua kuulizwa nguo kunaweza kumpa mtu furaha hivi.

Lailah anashona. Nimemwambia asiogope, kesho yataisha, atakuwa huru. Akasema, "Sawa, Baba." Akavunja uzi kwa meno.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika chumbani. Wako sebuleni wote — shehe, wale wazee wawili, Abubaker na ami yake, Sitti mlangoni. Nimetoka nikisema natafuta dawa ya kichwa.

Abdu alikuja mapema, kanzu ya kuazima, mikono ikionekana hadi nusu. Shehe akamweleza neno la kusema. Neno moja! Kijana huyu anameza kurasa thelathini kwa siku mbili. Akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nami, mazoea ni taabu, nikamnong'oneza neno lake kama tunavyofanya jukwaani mwenzetu akikwama.

Akaniangalia. "Mzee, nalijua."

Na bado hakulisema! Jasho tu. Ami wa Abubaker akaanza kukohoa. Shehe akasema, mwanangu, hakuna anayekulazimisha, lakini watu wanangoja. Ndipo Lailah akazungumza nyuma ya pazia, sauti haikutetemeka hata kidogo:

"Shehe, mmemuuliza Baba kama alikuwa anaigiza. Mmemuuliza Abdu. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Abubaker aliinamisha kichwa, maskini, kama mtu aliyeshajua. Mimi ndiye niliyekimbia. Mzima na ndevu zangu!

Ni kweli, hatukumuuliza. Nimemlea miaka ishirini na miwili, Mungu amenipa mtoto anayeweza kusema vile mbele ya wazee, na sikuona hata siku moja. Nashukuru. Naogopa, tena sana — nashukuru.

Sitti anagonga mlango. Anasema toka, Jibril, shehe amemuuliza mtoto, naye hataki kujibu mpaka babake awepo.

Nakuja. Nimesema nakuja.