Mpaka mama kaniibia

Dada, uko wapi? Nimejifungia chooni ofisini.

Unaikumbuka ile skripti, programu ndogo niliyokuwa najisifia kwako? Inachukua zile meseji tunazoandika kila tukihifadhi programu, zangu na za yule mwenzangu wa dawati moja tunayemwita Pacha, inaziunganisha na kuzipanga kwa saa. Leo nimeionyesha ukutani, kikao kizima kinatazama.

Kumbe! Kila meseji yangu, dakika kumi baadaye, hiyohiyo kwa jina la Pacha. Neno kwa neno! Yaani ananakili kazi yangu, anaihifadhi kama yake. Pacha! Niliyemfundisha kazi mimi! Na Ijumaa ndiye kapewa ukuu wa kitengo.

Subiri. Kuna siku niliandika, "Naishia hapa, nampeleka mama hospitali." Akanakili na hiyo! Hata hakuisoma!

Macho ya bosi yakatua kwenye mstari wa Pacha, wangu hata hakuuona. "Oh, pole. Mama anaendeleaje?"

Nikamkazia macho Pacha. Mama yake mzima kama chuma, namjua.

Akajibu bila hata kupepesa: "Anaendelea vizuri, bosi. Asante."

Dada, kikulacho ki nguoni mwako, sawa. Kazi aibe. Lakini mama yangu?