Sahihi Yangu, Kiti Chako

Fundi,

Spana ya nusu inchi haikuwa stoo. Nilipekua masanduku yote mawili, nikaangalia chini ya benchi, nikamwaga hata lile kopo la bolti kuukuu sakafuni, na nikiwa bado naokota bolti moja moja kama mjinga nikasikia injini imewashwa. Nilipotoka mbio, ndege ilikuwa imeshafika mwisho wa uwanja wa Kimaka, Jinja, na wewe umekaa kando ya rubani, kwenye kiti changu. Walipokuleta mchana ule, spana ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yako. Mimi ndiye niliyeitoa.

Mwaka umepita na bado nimekukasirikia. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kukulilia. Nimeshakulilia. Leo nataka kukugombeza, na kwa kuwa katika miaka tisa ya kufanya kazi pamoja hukuniacha hata siku moja nimalize ninachosema, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na ule waraka. Dereva wa basi la Nairobi alituletea umekunjwa ndani ya gazeti, una alama ya mafuta ya chipsi. Kiwanda kilichotengeneza injini yetu kilisema zile gia mbili za pampu ya oili, za aina tuliyokuwa nayo, zinapasuka. Idara ya usafiri wa anga ikaongeza neno lake: ni lazima zitolewe, ziwekwe nyingine za chuma kigumu, kabla ndege haijaruka tena. Uliusoma umesimama, ukausoma tena umekaa, kisha ukaenda kuzifunga breki za ndege na kuweka mawe mbele ya magurudumu, kana kwamba ingetoroka. Gia zenyewe hazizidi kidole gumba. Lakini gia ikivunjika oili haipandi, oili isipopanda injini inakaza, na huko juu hakuna mahali pa kuegesha.

Siku ile ile uliifungua pampu. Ulizitumbukiza gia kwenye mafuta ya taa, ukazipangusa mpaka zikakauka, ukasaga kipande cha chaki alichokupa binti yako Nambozo, mwalimu, ukazipaka unga wake. Halafu ukasema tunywe chai. Mimi nilitaka kubaki niangalie, ukanishika bega ukanisukuma nje. Tuliporudi, gia moja ilikuwa nyeupe yote. Ya pili ilikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, kutoka kwenye jino hadi kwenye tundu. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yametoka taratibu yakailowesha chaki. Ulininyooshea gia ile. Kisha ukaandika kwenye daftari la ndege, kwa wino mwekundu, kwamba isiruke.

Hapo tulikuwa sawa. Nataka ukumbuke kwamba hapo tulikuwa sawa kabisa.

Nikaenda Kampala kutafuta gia mpya. Yule Mhindi wetu aliyejua namba ya kila kipuri kwa kichwa alikuwa ameshafukuzwa nchini pamoja na wenzake, na duka lake nikalikuta kwa mtu aliyeniuliza kama gia ninayotaka ni ya baiskeli au ya cherehani. Bolti za ndege alikuwa akiziuza kwa mafundi wa vitanda. Tukaagiza Nairobi, tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Ndege ikakaa bandani, kuku wa askari wakaanza kutaga chini ya bawa lake, na wewe ukakataza mtu yeyote asiwafukuze. Ulisema ni walinzi wazuri kuliko wale wenye bunduki.

Meja, mkuu wa askari wa pale uwanjani, hakungoja. Ndege ile jeshi liliichukua kwa wenye mashamba ya miwa walipoondoka, na yeye akaiona kama pikipiki yake. Alitaka kwenda Mbale kwenye sherehe, apokewe uwanjani na ngoma. Ulimweleza polepole, ukamwonyesha hata gia yenyewe na mstari wake. "Afande, hii naua watu," ulimwambia. Akasema, "Mimi nataka ndege. Mimi hapana taka hadithi ya chaki." Akakupa kalamu, ukaweka mikono nyuma. Akatoa bastola akailaza juu ya daftari, kwa upole, kama mtu anayeweka miwani mezani. Bado mikono yako ilikuwa nyuma. Ndipo akanigeukia mimi.

"Wewe Mnubi. Wewe mutu yetu. Saini."

Mtu wao. Babu yangu aliletwa huku na jeshi kutoka Sudan, basi mpaka leo mimi nikipita sokoni Jinja watu wanadhani nakula sahani moja na serikali. Laiti wangelichungulia sufuria la nyumbani kwangu. Lakini sijitetei. Hakunishika mkono wala hakunigusa. Nilichukua kalamu nikaandika chini ya wino wako mwekundu kwamba kazi imefanyika na ndege ni salama, nikaweka sahihi. Nilikuwa nawaza watoto wangu watatu. Na wewe ulikuwa unaangalia ile gia.

Wote wawili tulijua maana yake. Kwa karakana nyingine sahihi inatosha, lakini kwako ilikuwa na mkia. "Ule nasaini ndio napanda." Hata kama kazi ilikuwa ya breki tu, aliyeandika kwamba imekamilika alipanda ndege kabla ya abiria yeyote, wakazunguka na rubani robo saa, wakatua. Ulisema fundi akijua kwamba makalio yake yatafuata kalamu, ataiangalia bolti mara mbili. Nilicheka sana siku ya kwanza ulipolisema hilo, maana nilikuwa sijawahi kukusikia ukitaja makalio. Mlokole kama wewe.

Basi ilikuwa zamu yangu. Uliifuta chaki, ukaifunga pampu kwa mikono yako mwenyewe, hukuniruhusu niguse hata skrubu. Asubuhi yake nilivaa shati safi. Mke wangu akaniuliza ninakwenda kwa nani na shati hilo, nikamjibu vibaya. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa tayari, lakini nilifika uwanjani vifungo vya shati vimepishana, na nadhani uliviona. Ukaniambia niende stoo nikakuletee spana ya nusu inchi.

Ulinidanganya, Fundi. Mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mkaguzi. Uongo wako mmoja maishani ukaumalizia kwangu.

Niliiona ndege ikigeuka juu ya mto. Hakukuwa na mlipuko, kulikuwa na kimya tu. Niliiona propela imesimama, fimbo moja nyeusi, nikaanza kukimbia kuelekea kwenye miwa kana kwamba ningeweza kufika nikaidaka. Rubani walimtoa na mguu uliovunjika. Wewe walikutoa kimya.

Na Meja? Alikuwa amesimama hapo hapo uwanjani na sanduku lake, akingoja robo saa ipite aende kwenye ngoma zake. Akapangusa jasho akasema, "Mungu napenda mimi." Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kama si kanuni yako, angepanda moja kwa moja yeye na walinzi wake. Kanuni uliyoitunga kumlinda abiria ilimlinda abiria. Sijui nikulaumu au nicheke, na kucheka siwezi.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana huko uliko sidhani wanakuletea habari.

Daftari la ndege lilipotea siku ile ile, wino wako na sahihi yangu pamoja. Ikaandikwa ripoti. Inasema pampu ilifungwa vibaya na fundi aliyekuwa amelewa. Amelewa. Wewe, ambaye kwenye sherehe za imbalu kwenu, za kutahiri vijana, ambako hata bibi kizee anapewa mrija wake wa pombe ya busaa, ulikuwa unabeba chupa ya chai kutoka nyumbani na watu wanakutania. Wangesema umezembea ningeumia. Wangesema umehujumu ningeogopa. Kusema ulikuwa mlevi ni kukutemea mate kaburini, na walijua wanachofanya, kwa sababu mlevi hana wa kumtetea.

Imefika mpaka Mbale. Mama Nambozo sasa anaitwa mke wa mlevi hapa kwenu Nkoma, si mbele yake, lakini anasikia. Kanisani aliombwa apumzike kuongoza akina mama. Nambozo ameandikiwa kitu ubaoni na wanafunzi wake, amekataa kuniambia ni nini, akasema tu kwamba alikifuta mwenyewe. Na hiyo chaki siku hizi inagawiwa nusu kipande kwa darasa.

Rubani amevuka kwenda Kenya, anachechemea. Kabla hajaondoka nilimtembelea hospitali, akanipa ulichosema injini ilipokaza. Kama ulisali, ulisali kimoyomoyo, hakusikia. Alichosikia ni hiki: "Ambia Juma asiseme kitu. Iko na watoto."

Nani alikupa ruhusa? Ulichukua kiti changu, sawa, hilo ulilifanya nikiwa kwenye kopo la bolti. Lakini ukachukua na mdomo wangu pia. Mwaka mzima nimekaa kimya kwa amri yako. Nimekaa kimya wakati jina lako linaburutwa, nikisalimiana na Meja kwa "ndiyo afande", na kila nikimaliza nakwenda kunawa mikono kwa maji matupu, maana sabuni hakuna. Ulidhani unaniachia uhai. Ulichoniachia kilikuwa ni kujificha, na kwa ajili ya kujificha huko nimejaribu kukuchukia, na kukuchukia nimeshindwa.

Gia zimekuja, Fundi. Dereva yule yule wa basi aliniletea, miezi saba baada ya kukuzika. Mbili, zimefungwa kwenye karatasi ya nta, zinang'aa. Niliketi nazo benchini kwako, nikazitia kwenye mafuta ya taa, nikazipaka chaki, nikaenda kunywa chai. Niliporudi zilikuwa nyeupe zote mbili. Nilipiga benchi ngumi mpaka mkono ukavimba.

Jumapili iliyopita nilikuja hapa Nkoma nikamweleza Mama Nambozo kila kitu. Mstari kwenye gia, bastola, kalamu, sahihi ni ya nani, spana ilikuwa wapi. Nilitegemea anifukuze, nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukaisha. Unajua Kiswahili chake kilivyo kifupi. Aliniangalia akasema, "Wewe nasaini. Sasa wewe tapanda lini?"

Kumbe alikuwa anaijua kanuni yako. Bila shaka ulimchosha nayo miaka yote.

Akaniambia Jumamosi wanasakafia kaburi lako kule shambani, saruji ya Tororo imepatikana mfuko mmoja na nusu, watu wa ukoo watakuja, wa kanisa watakuja, na watakuja pia wale ambao hakuna aliyewaalika, makachero waliovaa miwani ya jua. Unawajua. Mtu akisema neno mbele yao anaweza kurudi nyumbani ndani ya buti ya gari, au asirudi. Mama Nambozo hakunilazimisha. Alinyanyuka akaweka maharage jikoni.

Jana nilimpeleka mke wangu na watoto kwa dada yake, ng'ambo ya mpaka. Safari hii nilimweleza sababu ya shati safi. Alinipiga kofi, kisha akalipiga shati pasi.

Leo ni Ijumaa. Nimetoka kuswali, nimekaa kwenye meza yako, jua bado kali, na Nambozo anapita kila mara kuangalia kama wino umetosha. Kesho nitasimama kando ya kaburi na kusema: gia ilikuwa na ufa, waraka ulikataza, fundi alikataa akiwa na akili zake na chai yake tumboni, na sahihi ile ni yangu. Nitalitaja jina langu lote, na la baba yangu. Amri yako ya kunyamaza naivunja. Ukikasirika, tutakuwa sawa.

Kisha nitazizamisha zile gia mpya kwenye saruji mbichi, upande wa kichwa, meno yakitazama juu, ili yeyote atakayepita aulize ni za nini. Nambozo ameahidi kwamba atakuwa akijibu.

Spana nabaki nayo. Usinitume tena kuitafuta.

Lala sasa, Fundi wangu. Nilikupenda, na hilo nalo hukuniacha nilimalize. Teremka kwenye kiti. Kesho napanda mimi.

Juma