Nimemsainisha Marehemu Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana mke wangu alianza kwa kucheka na sasa haongei nami.

Mimi ni fundi wa mafriji, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, na mwaka huu nilijiunga na shirika la hiari linaloelimisha watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na ningependa kukwambia kwamba nilisukumwa na uchungu wa dunia, lakini ukweli ni kwamba sisi wa kujitolea tunaingia bure kwenye matamasha ya muziki ya msimu wa joto, na kuna bendi moja ambayo nimeipenda tangu nikiwa na kiuno. Basi nikapewa fulana ya kijani, nikasimama hemani, na ndani ya saa moja nikawa mtaalamu, nawakaripia watu waliokuja mmoja mmoja na magari yao, huku gari langu la kazi nimeliegesha nyuma ya uwanja, nimekuja nalo peke yangu na begi la spana.

Kazi yetu ni kukusanya saini za kuiomba halmashauri iweke mabasi siku za tamasha, ili yale magari yote yanayonguruma foleni nzima yabaki nyumbani, na kila anayesaini anaahidi kuja kwa basi. Halmashauri imesema italijadili ombi tukifikisha saini elfu moja za watu halisi wenye namba za simu. Kiongozi wetu ni mama mmoja aliyestaafu ualimu, tunamwita Mwalimu, na kwa misimu mitatu amesimama juani na magoti yake mabovu akiomba saini moja moja.

Jumamosi iliyopita Mwalimu akaniambia nina sauti nzuri, kwa hiyo nivae kipimajoto. Mshauri, kipimajoto chenyewe ni boksi la friji, nalijua vizuri mno, limepakwa rangi nyeupe na mstari mwekundu unaopanda mpaka usoni, lina tundu la macho lakini halina matundu ya mikono, na ubao wa saini unaning'inia kifuani. Nikasimama humo tangu saa nne asubuhi nikipaza sauti kuhusu joto la dunia, na mimi mwenyewe nachemka. Watu kumi na saba walinisogelea. Kumi na sita waliuliza choo kiko wapi, na mmoja aliuliza kama ndani yangu kuna soda baridi.

Saa kumi jioni bendi yangu ikapanda jukwaani. Nikavua boksi nikasema nasikiliza wimbo mmoja tu, nikasikiliza zote, nikacheza mpaka fulana ikaganda mgongoni, na nilipokumbuka ubao ulikuwa mweupe pe na Mwalimu anapita kukusanya karatasi, zimebaki kama dakika kumi na tano. Aibu ikanipanda. Nikajibanza nyuma ya hema, nikafungua kundi la familia kwenye simu, nikanakili majina na namba kutoka juu mpaka chini bila kuruka mtu, na kila jina nikaliwekea saini yake, hii kwa mkono wa kulia, ile kwa wa kushoto. Thelathini na nane! Mwalimu alinikumbatia mbele ya watu, akasema hajawahi kuona mtu anayejua kushawishi namna hii, nami badala ya kufa kwa aibu nikavimba kichwa nikatoa na somo: "Siri ni kumtazama mtu machoni." Mimi, niliyeshinda ndani ya boksi.

Sikujua kwamba shirika huwapigia watu simu za shukrani. Jumatatu wakampigia mke wangu, akaunganisha mambo, akacheka, akanitania jikoni. Kisha wakapiga namba ya baba mkwe. Baba mkwe alifariki mwaka jana. Namba yake bado imo kwenye kundi kwa sababu mama mkwe hataki itolewe, na simu yenyewe anaichaji kila siku, iko kando ya redio, ili rafiki wa zamani ambaye hajapata habari akipiga asikie sauti ya mtu. Binti wa shirika akamwambia, "Mama, tunamshukuru mzee kwa kutuunga mkono Jumamosi, ameahidi kwamba tamasha lijalo atakuja kwa basi." Mama mkwe akajibu, "Akishuka kwenye hilo basi, mwanangu, nipigie upesi, nina mengi ya kumwambia." Mke wangu alikuwepo. Anasema mama alikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akauliza polepole, "Nani alimwona mume wangu Jumamosi?"

Hapo ndipo mke wangu alipoacha kucheka. Hajanitaja, anasema hiyo ni kazi yangu. Sasa maji yamenifika shingoni, kwa sababu Jumatatu ijayo, siku mbili tu baada ya tamasha la mwisho la Jumamosi hii, saini zinapelekwa halmashauri, ziko elfu moja na kumi na mbili, na ukitoa zangu zinabaki mia tisa sabini na nne. Nikisema ukweli naizamisha kazi ya Mwalimu ya misimu mitatu. Nikinyamaza, karani mmoja tu akipiga namba ya marehemu, karatasi zote zinaenda jalalani. Na Jumapili tunakula kwa mama mkwe! Nafikiria kumwambia kwamba ni mzee mwingine mwenye jina kama hilo. Nifanye nini?

Ni mimi, Kipimajoto (ndivyo watoto wangu wanavyoniita siku hizi)

*

Kipimajoto,

Uliniomba nisicheke, nimeshindwa. Nilicheka mpaka simu ilipolia kando ya redio, hapo nikaacha. Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Huyo mzee mwingine mwenye jina kama hilo mfute kabisa. Umeshaandika uongo thelathini na nane, wa thelathini na tisa utaupeleka wapi? Wewe si mtu mbaya, lakini loo, una kiburi! Uliona aibu kurudisha karatasi tupu. Je, ulimuuliza Mwalimu yeye amerudisha ngapi kwa misimu mitatu na magoti yale?

Na usijipe ukubwa kwamba ukisema unaizamisha kazi yake. Saini hazijawahi kuwa elfu moja na kumi na mbili. Ni mia tisa sabini na nne, ila Mwalimu ndiye hajui. Ukinyamaza unamwacha yule mama apande ngazi za halmashauri akaaibike kwa kosa lako. Nenda kwake leo, usimtumie ujumbe, ufute kila mstari mbele yake. Atakufokea. Simama ufokewe, halafu mwombe boksi.

Mnahitaji ishirini na sita, na tamasha lipo Jumamosi hii. Toboa matundu ya mikono, wewe ni fundi bwana, ulishindwaje kulifikiria hilo? Na watu kumi na saba walikujia wenyewe, ukawaona kero! Anayeuliza choo mwonyeshe, mwambie akitoka atakukuta hapo hapo na kalamu. Nenda kwa basi. Bendi yako ikipanda jukwaani, isikilize ukiwa humo humo ndani.

Lakini kabla ya Mwalimu, kabla ya yote, nenda kwa mama mkwe. Usingoje Jumapili, na usijifiche nyuma ya mkeo. Kaa chini useme: "Mama, ni mimi niliyeandika jina la baba. Sikufikiri. Nisamehe." Ukome hapo. Habari za tabianchi na za boksi ziache mpaka akuulize mwenyewe. Akilia, usiondoke. Na akitaka kuyasema yale mengi aliyomwekea mumewe, basi aliyeshuka kwenye hilo basi ni wewe. Yasikilize yote, hata chai ikipoa.