Keria, Tofali Nane na Salamu Maria Saba

Jumapili, Julai. Songea imeamka na ukungu na baridi ya kugonganisha meno, nami nimekuja intaneti kafe moja kwa moja kutoka misani, nacheka peke yangu. Dada wa hapa ananiangalia kwa wasiwasi.

Nikiri kwanza. Tangu Pasaka nimemnyima mke wangu safari ya Madaba kwa mama yake. Kisingizio kimoja tu: gari linakunywa mafuta. Mke wangu, Mama Neema, akachoka, akanyoosha kidole juu ya paa la gari. "Linalokunywa ni hilo dude lako!"

Dude ni keria, fremu ya chuma ya kubebea mizigo. Niliichomelesha kwa mafundi wa Mfaranyaki, ndiyo fahari yangu. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, sibishani, napima. Keria ikionekana ndiyo mchawi, naing'oa, na kwa mama tunakwenda kila mwezi.

"Haya. Pima."

Ijumaa jua likizama nililisimamisha gari mbele ya ukuta wa nyumba, pua ikitazama ukuta, jua likipiga kutoka nyuma. Kivuli kikatua ukutani, nikakizungushia chaki. Ukuta wetu ni wa tofali za kuchoma, haujapigwa plasta, kwa hiyo ukubwa wa uso wa gari nikauhesabu kwa tofali. Zote tisini na moja, na katika hizo keria ina nane. Nane tu! Niliruka pale uani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Lakini ukubwa si kila kitu, kuna na jinsi upepo unavyolikamata gari. Jana tukaenda kipande cha tambarare barabara ya Njombe. Nafikisha spidi themanini, natoa gia, naliacha liserereke lenyewe mpaka arobaini. Likikawia kupungua mwendo, ujue upepo haulisumbui sana. Mama Neema ndiye ahesabu sekunde, lakini saa ikagoma, naye akasema kwa spidi ile hawezi kuhesabu kichwani, ataishia kusali. Basi sali, nikamwambia, tutahesabu Salamu Maria.

Na keria: nne na nusu kwenda, nne na nusu kurudi. Alisali taratibu, kila neno mahali pake.

Nikafungua nati, tukaishusha keria majanini, tukarudia.

Saba!

Jamani, saba. Fizikia yangu ilitegemea tano, tena kwa mbinde. Ila masikio ninayo. Safari hii maneno yalikuwa yanakanyagana, amina haijaisha salamu imeshaingia, na macho ameyakaza mbele, hathubutu kunitazama.

Nilitaka kusema kitu. Akaniwahi. "Imetoka ngapi, mwalimu?" Nikaona aibu kweli, miezi yote hiyo mtu hajamwona mama yake kwa ajili ya vyuma vyangu.

Nikafungua daftari nikaandika saba. Alicheka mpaka akalia, nami nikacheka naye.

Keria iko uani, kuku wameshahamia. Jumamosi tunakwenda Madaba.

Kesho darasani nitawasisitizia wanafunzi: kipimo kikikutia shaka, rudia. Mimi hiki changu sirudii ng'o.