Jicho la Kulia la Mama

Nengo, Gisenyi, 1999

Hapana mama, sikukasirika, nililia tu. Kaka aliponiletea jibu lako kuhusu kutibiwa jicho, kwamba heri giza kuliko kuguswa uso na mkweo, nilijifungia chumbani. U hali gani, mama yangu? Goti limepoa? Mimi mzima, na ndoa ni tamu kuliko nilivyoiota: mume wangu akitoka hospitali hupiga hodi kama mgeni, ili nimkimbilie! Lakini utamu wote huisha nikikukumbuka.

Siku ya harusi ulijifunika khanga asikuone, naye akakaa mbali kama mila yetu inavyotaka. Huko huko mbali akaona unavyogeuza kichwa kizima ili kumwona shangazi aliyeketi ubavuni pako. Baadaye akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mama yako iko napoteza macho. Ni presha ya jicho. Ya kushoto ilisha kufa, haiwezi rudia. Donc, basi, tuchunge ile yenye ilibakia."

Mama, huyu ni daktari bingwa, watu huvuka mpaka kutoka Goma kumfuata. Mtoto wa jicho humtoa, mgonjwa akaondoka anaimba. Lakini presha ikishakula jicho, hata yeye hana la kufanya. Juzi aliletewa mama mmoja, mkulima wa viazi wa Mudende, aliyengoja kwanza avune. Alipommulika, yule mama akasema, "Muganga, washa basi hiyo taa." Ilikuwa inawaka. Mume wangu alirudi, hakugusa chakula.

Nilimwuliza, na mila je? Akacheka kidogo. "We, kwani mi naangaliaka sura? Wakati ya kupasula jicho tunafunika mutu yote na kitambaa, tunaachaka tundu moja tu ya jicho. Mama mukwe atajifunika kuliko siku ya harusi!"

Najua bado utakataa. Nakujua, na ndiyo maana nimekata tamaa hata kabla ya kufunga bahasha hii.

Msalimie shangazi, na bibi mzaa baba. Baba mdogo anayekusomea haya, tafadhali asiruke neno.

Hata hivyo, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukuchukua, peke yangu. Mume wangu atabaki huku, usione haya njiani. Ukitaka kunifukuza, nifukuze ukiwa bado unaniona.

Mwanao, kitinda mimba wako