Ng'ombe wa Pili na Vidonge vya Baba Libère

Rubondo, Nakivale
6 Novemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Jean-de-Dieu,

Na si uzee uliomwangusha Baba Libère, baba mkwe wangu. Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu, na pengine ni Mungu aliyeikata, maana ningekujibu vibaya. Ulisema mzee ameshaona mengi, ameozesha, mwili umechoka, ndio umri. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, ukauliza ng'ombe wa pili atafika lini. Nimekaa na maneno hayo siku nne. Leo nimechukua kalamu.

Kwanza nikusalimu, maana ulinilea kwa adabu. Hujambo huko Kampala? Mama Mdogo Olga anaendeleaje, na biashara ya vitenge inatembea? Sisi huku mvua imetukumbuka, maharage yametoa maua, na mimi mwilini ni mzima kabisa.

Ndoa ni tamu, Baba Mdogo. Sikujua mtu anaweza kuamka huku anacheka. Joël huenda kuchota maji kabla sijafungua macho, na wanawake wanamtania pale kwenye bomba, wanamwuliza kama ni yeye aliyeolewa. Anawajibu ndiyo, na mahari yake ilikuwa mimi. Mbele ya watu ananiita madame, nami nageuka kutafuta anamwita nani. Nikimwona kwa mbali akipanda njia ya nyumbani, mikono inaacha kazi yenyewe. Wiki nne sasa, na bado ni hivyo.

Kwa hiyo hasira hii inaniuma mara mbili. Nimeikuta ndani ya furaha yangu, kama changarawe ndani ya maharage niliyoyapika mwenyewe.

Baba Libère alianguka siku ya tisa baada ya harusi, asubuhi, akifunga mbuzi. Alitaka kumwita mkewe, Mama Ancilla, jina likakataa kutoka. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Tulimkimbiza zahanati ya Base Camp, wakampima presha, wakatazamana, na gari likatupeleka Mbarara. Kiharusi. Muuguzi aliyetupokea alimwangalia akaandika miaka sabini na mitano bila kuuliza. Mama Ancilla akamwambia ana hamsini na saba. Muuguzi akafuta, kisha akamwangalia tena.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee wa Nyamitanga anayeitwa Kabigumira, mwalimu mstaafu, mwenye migomba na ng'ombe wake, ameletwa kwa ajili ya goti tu. Wanawe walimletea maziwa kila asubuhi. Mcheshi kweli. Siku tatu alimwita Baba Libère mzee mwenzangu, akimwambia wauguzi hawa wasichana wanawaonea wivu kwa uzuri wao. Siku ya nne akauliza mwenzake ana miaka mingapi. Joël alipomjibu, mzee akasema kwa Kiswahili chao cha huku, "Basi huyu ni mtoto yangu. Mimi iko na themanini na tatu."

Akatoa kikopo chake, akameza kidonge cha asubuhi. Alitueleza kwamba presha ilimshika kabla mimi sijazaliwa, na hajaruka siku hata moja, maana binti yake humpigia simu kila asubuhi kumkumbusha. Baba Libère alikuwa anakiangalia kile kikopo. Akanyoosha mkono mmoja unaofanya kazi, na kwa ule mdomo mzito yakatoka maneno yake ya kwanza tangu aanguke.

"Ni ile yangu."

Ugonjwa ule ule, Baba Mdogo, na kidonge kile kile. Mmoja ana themanini na tatu na anagombana na wauguzi wamrudishie fimbo yake. Mwingine ana hamsini na saba na analishwa uji kwa kijiko. Nionyeshe hapo uzee uko wapi.

Daktari alikuwa ameuliza mara nyingi mgonjwa alimeza dawa lini mara ya mwisho, na kila mara Mama Ancilla aliinama tu. Siku hiyo alijibu. Hakumjibu daktari, alinijibu mimi. "Tangu watu wenu walipokataa maharage."

Unakumbuka vizuri. Ulipokuja kupokea mahari, walikuwa na nusu ya pesa ya ng'ombe wa kwanza, na kwa kilichobaki wakaleta magunia ya maharage ya shamba lao. Ulicheka. Ulisema binti aliyemaliza sekondari hatolewi kwa maharage. Ukataka ng'ombe wa kwanza akamilike kwa pesa taslimu kabla hatujaingia kanisani, na wa pili kabla ya Noeli. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nakiri, nilijiona wa maana sana. Hilo nalo linanitafuna.

Waliyauza wakati wa mavuno, kila mtu akiuza, bei ikiwa chini kabisa. Haikutosha. Msaada wa chakula tunaopewa wakimbizi ulikwisha kupunguzwa, kuku walikwisha kwenda sokoni, na kitu pekee walichoweza kupunguza tena katika nyumba ile kilikuwa vidonge, maana aina aliyoandikiwa yeye tunainunua Mbarara. Akaanza kumeza siku moja na kuruka siku moja. Kisha Jumapili tu, kama komunyo. Mwisho akaacha, akimwambia mkewe haumwi popote na baada ya harusi ataanza upya. Joël hakujua. Mimi sikujua. Siku ile nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikatoka, na baba mkwe akacheza nami, jasho linamtiririka, na sisi tunampigia makofi. Wewe pia ulipiga.

Sasa nikuulize juu ya Baba yangu, kaka yako. Alikufa ana arobaini na saba, tukasema saa yake imefika. Padri alisema, wewe ulisema, mimi niliimba. Lakini miguu yake ilivimba miezi mingapi? Aliahirisha mara ngapi kwenda Mbarara kwa sababu ya karo yangu? Nilikuwa darasani nachora moyo na mishipa yake, najaza rangi nyekundu na ya bluu, nikapewa alama nzuri, na nyumbani kulikuwa na mtu ambaye moyo wake ulikuwa unashindwa na hakuna aliyempima. Nitajie mwanamume mmoja wa ukoo wetu aliyefika sitini tangu tuvuke mpaka. Mimi nimejaribu, nimemkosa. Tumezoea mpaka tunauita umri. Wewe una hamsini sasa, Baba Mdogo. Umemzidi kaka yako. Umepimwa lini?

Sikuandika barua hii kwa sababu ya yaliyopita, ingawa yananichoma. Nimeiandika kwa sababu ya jana. Juzi tulimrudisha Baba Libère nyumbani. Daktari alisema kidonge ni kila siku, maisha yake yote, na kwamba kiharusi cha pili huenda kisimwache hai. Joël amepata kibarua cha kubeba matofali mjini. Kibarua hicho kinanunua dawa, au kinakusanya ng'ombe. Hakiwezi yote mawili. Jana nilimkuta mume wangu amejificha nyuma ya jiko, amemwaga vidonge vya baba yake kwenye kitambaa, anavipanga kwa wiki. Alikuwa amekwisha kuitoa Jumatano. Nilipomwuliza, alisema siku moja tu katika wiki haiwezi kumdhuru mtu, na hawezi kukutazama usoni Noeli ikifika bila ng'ombe.

Nilimnyang'anya. Nilimfokea, mimi niliyekuwa sijawahi kumfokea. Akalia, nami nikalia, na Mama Ancilla akajifanya anafagia.

Basi nakwambia bila kuzunguka: namkataa ng'ombe wa pili. Mahari hii ni yangu, nami nina sauti ndani yake. Usiniambie ni desturi. Kama ni desturi, basi niambie ni nani atakayekaa kwenye kiti cha babu siku ya ubatizo wa mwanangu. Kwa sasa wewe unamwua mtu polepole kwa kitu ambacho hata hukihitaji, na unamwua kwa jina langu. Nisamehe kwa neno hilo. Nililiandika, nikalifuta, nikalirudisha.

Nisalimie sana Mama Mdogo Olga, na Bibi Pascasie, umwambie mkeka wake ndio tunaoukalia kila jioni. Mdogo wangu Marie asome kwa bidii, na asikubali mtu amwambie ana thamani ya ng'ombe wangapi. Mama Ancilla anawasalimu. Yeye hana kinyongo, mimi ndiye ninacho kwa niaba yake. Mungu awape siku nyingi, nyingi kweli, za kuhesabu mvi zenu wenyewe.

Na tunakuja. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Joël tutapanda gari la asubuhi kutoka Mbarara tuje mpaka sebuleni kwako. Hatutaleta pesa. Nataka umwambie mume wangu uso kwa uso kwamba amemaliza, kisha umpigie baba yake hapo hapo, asikie kwa sauti yako kwamba hadaiwi. Mdomo wake bado ni mzito, atachelewa kukujibu. Usikate simu. Msubiri mpaka amalize.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata kwa hasira hii,

Doriane